Operesheni ya Kumwambia Rael

Mtu ambaye hajawahi kungoja hawezi kuvipenda vitabu vya majasusi wa Kiingereza. Nasema vya siku hizi, si vile vya zamani ambapo mtu anaruka kutoka kwenye ndege na tai yake haijapinda. Katika hivi vya sasa jasusi ni mzee mwenye koti lililochakaa, mke kamwacha, paa la ofisi linavuja, mvua haikatiki, na chai yake imepoa kwa sababu tangu asubuhi anatazama dirisha la nyumba ya pili. Mimi ni dereva wa familia moja hapa Riyadh. Nangoja nje ya shule, nje ya hospitali, nje ya duka la magauni ya harusi, na harusi ikifika nangoja nje ya ukumbi. Siku niliposoma kuhusu jasusi aliyekaa ndani ya gari sura nzima bila jambo lolote kutokea, nilijiambia: huyu mwandishi ananijua.

Na asinicheke mtu. Kuna wenzangu wanaopitisha saa za kungoja wakitazama video za mieleka mpaka simu inawaka moto mkononi. Mimi nimekaa na wakuu wa idara za siri wakisingiziana kwa adabu kuliko maaskofu. Hicho ndicho kinachonivuta. Mwingereza wa vitabu hivi hapigi kelele. Anamsaliti rafiki yake wa miaka mingi huku akimwuliza kama anataka sukari. Bunduki inalia mara moja katika kitabu kizima, na mara nyingi inampata mtu asiyehusika. Kazi yenyewe ni kutazama, kukumbuka, na kutosema. Wanaoishi katika nyumba za watu na nchi za watu wanaelewa ninachosema.

Vitabu tulivipata kwa Fidel, Mkenya mwenzangu anayelinda lango la mtaa wa uzio wanakokaa wageni. Waingereza mikataba yao ikiisha huacha vitu kando ya pipa la taka, na Fidel huviokota vitabu kabla ya lori kufika. Kisha hufanya jambo ambalo lingemtoa machozi mkutubi yeyote: huchukua kisu na kukikata kitabu mgongoni, kikawa vipande vitatu vinne, ili tusome kwa zamu bila kucheleweshana. Akimaliza kipande ananipa mimi. Mama yake bosi anakaa Jeddah, na mimi ndiye ninayepeleka na kurudisha vitu vyake, kwa hiyo vipande vinasafiri nami hadi kwa Keziah, anayesafisha ofisi na kupanga chumba mtaa wa Bani Malik na mumewe Timothy. Keziah anavisoma, kisha anavifikisha kwa Rael. Fidel alitupa jina: Idara. Lilimpendeza sana, kwa kuwa yeye ndiye aliyejifanya mkurugenzi.

Lakini kichwa cha Idara kilikuwa Rael. Ni Mnandi wa kule Kapsabet, na anafanya kazi za ndani Jeddah katika nyumba ya familia yenye watoto wanne. Humo ndani haitwi Rael. Madam alimpa jina la Rahma siku ya kwanza, eti watoto walitamke kwa urahisi, na sasa ameitikia Rahma mpaka amezoea. Analala katika nyumba isiyo yake, anaitikia jina lisilo lake, anajua nani analilia bafuni na nani anaficha chokoleti chini ya godoro, na uso wake hausemi kitu. Halafu sisi wengine tunasoma vitabu tujifunze ujasusi!

Rael husoma kama anayechambua maharagwe. Hakuna neno linalompita. Msaliti ambaye mimi humgundua mwandishi anaponionyesha kwa kidole, yeye humtaja sura ya tano, na hutoa sababu. Basi mwezi huo tulikuwa na kitabu chenye jalada la daraja kwenye ukungu. Mtu fulani ndani ya idara alikuwa anauza siri, na washukiwa walibaki watatu: naibu mkurugenzi, bibi mzee wa masjala, na dereva wa mkurugenzi. Kipande cha mwisho kilikuwa bado kwa Fidel, naye alikikalia kama kuku wa mayai. Rael alishikilia kwamba ni dereva. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo sikuificha. Mbona kila lawama hutupiwa dereva? Nilimtumia ujumbe wa sauti, mrefu, wa kutetea taaluma. Alijibu, "Dalmas, kwa gari watu huongea yote wakidhani wewe ni usukani. Wewe mwenyewe unajua vitu ngapi za bosi wako?" Nilikataa. Tuliendelea kubishana wiki baada ya wiki, na nakiri kwamba siku zangu zilikuwa nzuri zaidi kwa sababu ya ubishi ule.

Jumanne moja nikiwa nje ya shule, simu ikaingia kutoka Kenya. Alikuwa Reuben, kaka yake Rael. Tulikuwa tumezungumza mara chache tu.

"Kaka, umekaa?" akauliza.

"Nimekaa. Mimi hukaa tu."

"Mama ametuacha. Jana jioni. Rael hajui. Nimekupigia wewe kwanza. Tafadhali asijue na simu. Tumefungua group ingine ya matanga, hatujamuweka. Nimewaambia macousin wasiweke status, wasiweke picha. Lakini sijui nitawazuia mpaka lini."

Nilimwelewa bila maelezo. Kwetu habari ya kifo haitumwi. Hubebwa na watu. Mfiwa huambiwa akiwa amekaa, akiwa amekula, na kuwe na mikono ya kumdaka. Ukiona wanawake wa kanisa wanaingia uani bila kusalimiana kwa sauti, unajua, lakini angalau wameshafika. Keziah hakupata bahati hiyo. Alipokuwa bado kwenye kazi za ndani, baba yake alifariki, na binamu mmoja asiye na akili akaweka picha na mshumaa kwenye Facebook. Keziah aliiona akiwa amesimama na pasi mkononi. Alianguka peke yake jikoni, na hakuna aliyejua anachosema, maana alikuwa analia Kikisii. Mpaka leo hazungumzii siku hiyo ila kwa kutikisa kichwa. Hilo ndilo tuliloliogopa: Rael ajue akiwa peke yake, katikati ya sufuria za watu.

Jioni hiyo Idara ilikutana kwenye simu, Fidel, Keziah na mimi.

"Hii ni operesheni," Fidel akaanza, sauti ameishusha. "Kwanza jina. Tuite Maziwa Lala."

"Fidel," Keziah akasema.

"Pili, tunahitaji sababu ya kumtoa kwa nyumba. Keziah, tunasema umelazwa hospitali..."

"Usinilaze mimi! Kuna mtu amekufa kweli na wewe unataka kuongeza mgonjwa?"

"Basi niingie kama mtu wa gesi."

"Wewe uko Riyadh. Hiyo gesi utaibeba kilomita elfu moja?"

Fidel akanung'unika kwamba anajaribu tu kusaidia. Na kweli alikuwa anajaribu, maskini. Rael alizoea kumtumia picha za mbuzi wa kwao kila Fidel alipokuwa zamu ya usiku. Nikasema neno langu. Katika vitabu vyote tulivyokatakata, sikumbuki mlango mkubwa uliofunguliwa kwa kuvunjwa. Hufunguliwa na mtu aliyeko ndani, baada ya mwingine kukaa naye na kumwambia ukweli kiasi cha kutosha. Tulihitaji mtu wa ndani. Na ndani ya nyumba ile mwenye mlango alikuwa mmoja.

"Madam?" Keziah akauliza. "Madam akijua atamwambia hapo hapo."

"Ndiyo maana utaongea naye wewe."

Keziah ana namba ya madam, maana ndiye humwombea Rael ruhusa ya kutoka Ijumaa moja moja. Alimpigia Jumatano asubuhi kwa Kiarabu chake cha jikoni, na baadaye akanisimulia. Madam alilia. Kisha akataka kumwita Rael papo hapo. Kwao maiti huzikwa haraka na habari hutolewa bila kuchelewa. Kumficha binti kifo cha mama yake siku nzima aliona ni haramu, na siku tatu ni ukatili. Keziah akamsihi. Akamweleza kwamba huko kwetu kuficha hivi ni kumheshimu mtu, kwamba tunataka aambiwe na watu wake, kwa lugha anayoweza kulia nayo. Madam akauliza, "Sasa nitamtazamaje mpaka Ijumaa?"

"Mtazame kama jana," Keziah akamwambia.

Akakubali. Akasema hata mambo ya tiketi na karatasi za kutoka na kurudi atazungumza na mumewe, lakini hayo ni baadaye. Nilifurahi mno. Nilimtumia Fidel ujumbe kwamba tumesajili mtu wa ndani, naye akajibu kwamba jina lake la siri liwe Simsim, kama lile neno la kufungulia pango la wezi. Watu tunaomboleza na bado tunapenda mchezo, sioni aibu.

Kisingizio cha kumtoa Rael kilijileta chenyewe. Fidel alinipa kipande cha mwisho cha kitabu, nikamwandikia Rael kwamba Ijumaa nitakuwa Jeddah, na Idara itakutana kwa Keziah tusome mwisho pamoja, kwa sauti, tujue msaliti ni nani. Alijibu mara moja. "Sawa. Lakini mimi nimeshamaliza na hiyo kesi. Ni dereva. Bisha."

Niliyatazama maneno hayo kwenye kioo cha simu. Mama wa mtu kalala mochari, naye ananiambia nibishe. Ningebishaje? Nikaandika, "Huenda uko sahihi. Dereva husikia mengi." Akanijibu kwa kidole gumba. Nikaiweka simu chini nikajipongeza kwa kazi safi.

Bosi nilimwambia ukweli. Nilimwambia mama wa dada yangu ameaga, na dada yuko Jeddah, hajui. Bosi wangu si mtu wa maneno mengi. Alimwombea marehemu rehema, akaniambia nichukue gari, nimpelekee mama yake tende na mashuka, nisirudi kabla mambo hayajaisha. "Yalla, nenda," akasema, halafu akaniita tena kuniuliza kama dada yangu ana watu huko. Nikamwambia anao.

Alhamisi nikashika barabara. Ni safari ndefu, jangwa na vituo vya mafuta, mpaka uteremke mlima wa Hada baada ya Taif ambapo hata dereva mzoefu hushika usukani kwa mikono miwili. Njia nzima nilikuwa natunga maneno, kwa maana Reuben aliniambia, "Wewe ndiye utamwambia. Anakuheshimu." Nilijaribu "Bwana alitoa". Nilijaribu "Mama amepumzika". Nilijaribu kuanzia mbali, kwenye ugonjwa, niende polepole nikikaribia. Kila nilipofika kwenye neno lenyewe nililipita pembeni, kama ninavyokwepa matuta ya barabarani. Niliwaza pia juu ya yule mzee wa koti chakavu, ambaye kila kitabu hutumwa kumwambia mjane fulani kwamba mumewe hatarudi. Waandishi wale huwa hawatuonyeshi anachosema. Sura inaisha akibonyeza kengele. Nilikuwa nawasifu kwa kuacha hapo, na siku hiyo niliwalaani, kwani hawakunisaidia chochote.

Ijumaa baada ya sala nikafika kwenye nyumba ya madam. Alitoka mwenyewe mpaka langoni pamoja na Rael. Alimrekebishia kitambaa kichwani kana kwamba ni mtoto anayekwenda shule, akampa mfuko wa vyakula, akamwambia asiharakishe kurudi. Kisha akanitazama, akaona ninavyomtazama, akageuka upesi akaingia ndani. Nikasema moyoni: Simsim ameharibu kazi.

Rael hakuonyesha lolote. Alikaa nyuma, akafunga mkanda, akaanza kunisimulia habari za yule mtoto wa tatu aliyeng'oka jino akalimeza. Alicheka. Nami nikacheka. Tulipopita mtaa wa Kandara kulikuwa na msongamano, akalalamika juu ya madereva wa Jeddah na kusema wa Riyadh ni malaika, jambo ambalo si kweli na yeye analijua.

"Umebeba mwisho?" akauliza.

"Nimebeba."

"Fidel amesema aje? Amekucheka?"

"Hajasema kitu."

"Fidel? Hajasema kitu?"

"Ameshikwa na kazi," nikasema.

"Aa," akasema Rael, akageukia dirisha. Nikashukuru kwamba hashuku lolote. Nilijiona fundi.

Chumba cha Keziah kiko orofa ya tatu, dirisha lake linatazama uchochoro ambapo watu hupita siku nzima wakiitana kwa lugha zote za dunia. Timothy alikuwa ameazima mkeka kwa jirani. Keziah alikuwa amepika ugali, kuku, na sukuma wiki aliyoitafuta soko zima. Na kwenye pembe ya kitanda alikaa Eddah, Mnandi wa makamo anayefanya kazi huko Al-Mahjar, tuliyemwomba aje ili Rael awe na mtu wa lugha ya kwao. Eddah ni mama mwema, lakini hajawahi kusoma hata maandishi ya kopo la dawa. Hakuna aliyefikiria anafanya nini kwenye mkutano wa wasomaji. Rael alimsalimia, akamshika mkono kwa muda, akakaa mkekani.

"Kula kwanza," Keziah akasema. "Kitabu baadaye."

Rael alinawa, akala. Nimeona watu wenye njaa wakila, na hakula hivyo. Alikula taratibu, kwa makini, akimega tonge, akichovya, akitafuna mpaka mwisho. Alipomaliza akaomba nyongeza. Sisi wengine tulikuwa tunabandika vidole kwenye ugali na kuvirudisha. Timothy alijaribu mzaha kuhusu kuku wa Jeddah kuwa wadogo, na mzaha ukafia mdomoni. Eddah alikuwa ameshika mkunjo wa leso yake. Rael akamaliza tena, akanawa tena, akajipangusa. Kisha akavua kitambaa kile alichorekebishiwa na madam, akakikunja vizuri akakiweka kando.

"Nimeshiba," akasema. "Sasa mnaweza kuniambia."

Keziah akaanza kukusanya sahani.

"Kukuambia nini, dada?" Keziah akajaribu.

"Keziah, wacha." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Jumanne asubuhi group ya familia ilinyamaza. Shangazi yangu hutuma maombi kila asubuhi, hata stima ikipotea wiki nzima hutafuta mahali pa kuchaji simu. Siku hiyo, kimya. Nikaangalia status za cousins. Hakuna hata moja. Watu wale huweka status wakinunua nyanya. Jumatano madam akaosha vikombe mwenyewe. Akaniambia, kaa Rahma, pumzika. Nikakaa, nikajua mtu amekufa. Lakini sikuwa najua kama ni Baba ama ni Mama." Akanigeukia. "Halafu jioni Dalmas akakubali ni dereva."

Wote wakanitazama. Nilitamani mkeka unimeze.

"Hapo nikajua ni Mama," akasema. "Ingekuwa Baba ungebisha kidogo."

Sijui kama ilikuwa halali kucheka, lakini Timothy alitoa sauti fulani, na Rael mwenyewe akatabasamu kidogo, na tabasamu lile ndilo lililonivunja. Tangu Jumatano! Madam alikuwa na wageni Alhamisi, Keziah aliniambia. Nimesoma habari za majasusi waliohojiwa gizani, waliofungwa kamba, walionyimwa usingizi, na nimewavulia kofia wote. Sijawahi kusoma habari za hata mmoja aliyekaanga sambusa za wageni wa bosi wake, akawapangia kwenye sinia, akatabasamu mlangoni, huku akijua kwamba mama yake amekufa na watu wote anaowapenda wanamdanganya. Mwandishi akiniletea mtu wa namna hiyo kwenye kitabu nitasema ametia chumvi.

"Mbona hukuuliza?" nikamwuliza. "Ungenipigia."

"Ungeniambia nini? Ungenidanganya, ama ungeniambia na simu, na mimi niko kule jikoni na watoto wanataka chakula." Alinyoosha miguu mkekani. "Nilijua mko njiani. Ulisema Ijumaa. Nikasema basi, nitafika Ijumaa. Si tumesoma sisi wote? Mtu akigundua anafuatwa, hakimbii. Akikimbia ameisha. Anatembea tu vile alikuwa anatembea, anasimama anunue gazeti, anasalimia watu, mpaka afike kwa mlango wake. Mimi nimetembea hivyo. Kila nikishika kitu najiambia, bado, bado, hujafika." Akatazama chumba, sufuria, mkeka wa kuazima, Eddah pembeni ya kitanda. "Sasa nimefika."

Keziah alikuwa tayari analia. Timothy akainama mbele, akasema kwa sauti ya chini, "Basi, dada yetu, kama tayari unajua, hatuna haja ya..."

"Najua," Rael akamkata. "Lakini sijaambiwa. Siwezi kumlilia Mama kwa sababu ya vikombe. Siwezi kumlilia kwa sababu group imenyamaza. Huko nyumbani wamekaa wakaambiana, kila mtu alisikia na masikio yake. Hata mimi niambiwe. Mimi ni mtoto wake." Akanitazama moja kwa moja. "Dalmas, Reuben alikupa kazi. Ifanye."

Nikafungua kinywa. Maneno yote niliyoyatunga kutoka Riyadh yalikuwa yamenikimbia, na labda ni heri. "Rael," nikasema, "unajua Mungu humpenda mja wake, na wakati mwingine..."

"Usizunguke."

"Mama alikuwa mgonjwa muda mrefu..."

"Dalmas. Tafadhali."

Eddah akashuka kitandani, akaketi nyuma yake mkekani, karibu kabisa. Nikalishika neno lile nililolikwepa njia nzima, nikalisema.

"Rael, mama yako amefariki. Alifariki Jumatatu jioni. Reuben alikuwa amemshika mkono."

Aliitikia kwa kichwa. "Asante," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Halafu akapiga ukemi ambao sijawahi kuusikia kwa mtu, akarudi nyuma, na Eddah akamdaka kifuani, naye Rael akaanza kumwita mama yake kwa Kinandi. Huko uchochoroni miguu ya watu ikasimama. Keziah akainuka haraka kwenda kufunga dirisha, kama tulivyozoea sote katika nchi za watu, mtu asijue tuna nini. Alilishika dirisha, akasimama hapo akimtazama Rael, kisha akalisukuma likafunguka lote.

"Wacha wasikie," akasema, akarudi kukaa naye chini.